Chini ya Kitambaa

Ngozi ilikuwa inazaliwa. Ndani ya pipa la kioo lenye kimo cha nyumba, uyoga uliolishwa makapi ya mkonge ulikuwa umejisuka wenyewe, uzi juu ya uzi, mpaka ukawa shuka zito la rangi ya maziwa. Mikono ya chuma ilishuka kutoka darini, ikalishika shuka lile pembeni, ikalinyanyua polepole kama mkunga anavyompokea mtoto. Maji yakachuruzika, yakaingia kwenye mfereji, yakaenda kulisha pipa la jirani. Hakuna mnyama aliyechinjwa, wala tone lililopotea.

Wageni walioletwa kutazama walipiga makofi. Walitoka nchi za mbali, na wengine walikuwa wamepakata mikoba ya Almaria kama watu waliopakata wajukuu.

Bi Sikudhani alipita nyuma yao, aproni begani. Ngozi hakuitazama, alikwisha kuiona ikizaliwa mpaka akachoka. Alichokitazama ni kifua cha Mwanahawa, aliyesimama mlangoni akiwapisha wageni. Kifungo cha Mwanahawa kilikuwa kinawaka rangi ya asali, kikimulika mpaka kidevuni, na siku ndiyo kwanza inaanza.

"Asubuhi yote hii," Sikudhani alisema moyoni, "keshafanya wema gani?"

Miaka hiyo, karibu kila kitu alichovaa mwanadamu kilishonwa na roboti. Viatu, kanzu, magauni ya harusi, vyote vilitoka mashineni vikiwa havina kosa. Kwa hiyo wenye uwezo wakaanza kutafuta kile ambacho roboti hana: kitu kilichoshonwa na mtu mwenye jina. Nyumba ya Almaria, pale Tanga, ilishona mikoba ya namna hiyo, na bei yake mtu wa kawaida aliisikia tu kama anavyosikia habari za mwezini. Lakini wanunuzi wa zama hizo hawakutosheka na uzuri. Walitaka kujua kama ardhi haikuumizwa na mkoba ule, na kama aliyeushona alitendewa haki. Mwishowe wakataka kujua kama aliyeushona ni mtu mwema.

Ndipo kampuni ikamleta Somo.

Somo alikuwa akili mnemba, hana mwili. Macho yake, madogo kama punje za dengu, yalitapakaa darini, na sauti yake ilitoka kwenye mbao za meza, laini kama ya mwanamke mtu mzima. Wakubwa walimpa jina hilo kwa sababu mabinti wa pwani hulelewa na somo, mwanamke anayewafunza adabu na kuwatunzia siri zao. Kazi yake ilikuwa kuwafunza mafundi uadilifu na kubana matumizi. Aliyetumia pande la ngozi lililobaki badala ya kukata jipya, aliyesuuza chungu cha gundi kwa maji kidogo, aliyekiri kosa, aliyemshika mwenzake mkono, wote Somo aliwaona, na kifungo cha nuru kilichoshonwa kwenye aproni kikaongeza mwanga. Mnunuzi alipofungua mkoba wake mara ya kwanza, picha ndogo iliinuka kutoka ndani ikamwonyesha fundi wake, na kifungo chake kinavyowaka.

Mwanzoni mafundi walicheka.

"Wema wa kuwashwa kama taa!" alisema Saumu, aliyekaa meza ya nyuma na ambaye mdomo wake haukujua likizo. "Basi mume wangu angekuwa gizani mwaka mzima."

Lakini kicheko kilipungua kampuni ilipotangaza Mkono wa Almaria. Mwisho wa msimu, fundi mwenye nuru kuliko wote angechaguliwa, mikono yake ipimwe kila inavyopinda na kuvuta, na mshono wake ufundishwe kwa wanagenzi katika nyumba zote za kampuni duniani. Mshono huo ungeitwa kwa jina lake.

Hicho ndicho Sikudhani alichokitaka. Picha yake kubandikwa ukutani hakuijali. Alitaka mshono. Alikuwa na mshono wake mwenyewe wa sindano mbili, ulioinama kidogo kama mvua inayopigwa na upepo, na hakufundishwa na mtu. Wengi walijaribu kuuiga wakaishia kuchomwa vidole. Yeye na Mwanahawa waliingia kazini pamoja wakiwa wasichana, wakakaa meza moja mpaka nywele zikaanza mvi, na muda wote huo watu walisema: Sikudhani ana mkono, Mwanahawa ana moyo. Sikudhani aliona hapo amepata fungu kubwa. Nani alijua itakuja mashine ya kupima moyo?

Akaanza kumchunguza mwenzake kama paka anavyochunguza shimo la panya. Aliona mengi. Aliona Mwanahawa akimpa Saumu kikombe cha chai huku amegeuza mkono wa kikombe upande wa kushoto, kwa kuwa mkono wa kulia Saumu alikuwa ameungua kidole. Aliona maji ya mwisho ya kunawia akiyabeba kwenda kumwagilia mwasmini uani. Siku wali ulipoungua jikoni na mpishi akawa anataka kulia, Mwanahawa alipeleka sahani yake akasema, "Nipakulie ukoko huo, dada, ndio ninaoupenda."

"Ukoko!" Sikudhani alinung'unika. "Na nani asiyependa ukoko?"

Naye akajaribu. Akabeba vikombe, akaokota vipande vya ngozi, akamsifu mtoto wa mpishi aliyeonyeshwa kwenye picha, mtoto ambaye kwa kweli hakuwa wa kusifiwa sana. Kifungo chake kilipanda, kikawa cha pili katika jumba zima. Hapo kikasimama. Kila alipokaribia, cha Mwanahawa kilisogea mbele, tena bila yeye kuonekana akifanya lolote. Mwanahawa hata hakukitazama. Hilo ndilo lililomkera Sikudhani zaidi, kwamba mtu apewe kitu kizuri kiasi hicho asikitazame.

"Somo," alinong'ona siku moja akiwa ameinama mezani, "niambie. Mwanahawa anapewa nuru yote hiyo kwa lipi?"

"Nuru ya mtu ni siri ya mtu, Bi Sikudhani," Somo alijibu. "Nikueleze yako?"

"Yangu naijua."

"Haya. Vidole vinaendeleaje? Leo umedondosha sindano tena."

"Baridi ya chumba cha gundi," Sikudhani alisema, akaficha mkono ndani ya aproni. Tangu masika ncha za vidole vyake zilikuwa na ganzi, lakini mikoba yake yote ilipita kwa wakaguzi, na mkono usiokataliwa kazi hauumwi. Ndivyo alivyojiambia.

Sasa, palikuwa na desturi moja pale Almaria iliyokuwa na umri mkubwa kuliko Somo. Fundi hakumalizia mkoba wake mwenyewe. Mwamba ngoma huvutia kwake, walisema wakongwe; jicho la aliyeshona hulipenda kosa lake. Kwa hiyo wawili waliokaa meza moja walibadilishana mikoba, na kila mmoja akaukagua na kuufunga wa mwenzake. Kazi hiyo ilifanyika chini ya kitambaa cheupe cha bafta, mikono tu ikiingia, ili mstari mzima usione aibu ya mtu. Ukikuta kosa, ulimwinamia mwenzako ukamwambia sikioni, akalirekebisha, yakaisha. Somo alipoletwa, mafundi waliomba jambo moja tu: asimwonyeshe wala kumwambia mtu yaliyomo chini ya kitambaa, ambacho macho yake yalikipenya, ila kwa ruhusa ya mwenye mkoba. Wakubwa walisitasita, kisha wakakubali.

Miaka mingi Sikudhani alikuwa akiinamiwa sikioni mara chache sana, na msimu huu hakuinamiwa hata mara moja. Alijivunia hilo.

Kisha akakiona kikapu cha uzi. Kila fundi alikuwa na kikapu cha nyuzi zilizokatika, ambazo zilirudishwa kuyeyushwa na kusokotwa upya. Uzi wa Almaria ulikuwa wa thamani, na kuupoteza lilikuwa kosa kubwa katika mafunzo ya Somo. Jioni moja, wakati wa kukusanya vikapu, Sikudhani aliona cha Mwanahawa kimejaa hadi juu. Chake kilikuwa na nyuzi chache tu. Akatazama kesho yake, na siku zilizofuata. Kila mara ilikuwa hivyohivyo, na nyuzi zilitoka chini ya kitambaa. Mwanahawa alizichomoa taratibu akazikunja kiganjani kama mtu anayeficha kitu.

Moyo wa Sikudhani uliruka. Usiku hakulala kwa furaha, ingawa mwenyewe aliiita uchungu wa haki.

"Somo," alisema asubuhi, safari hii bila kunong'ona. "Mwanahawa anapoteza uzi chini ya kitambaa. Nataka kitambaa cha meza yetu kifunuliwe kwenye baraza."

Sauti ya Somo ilishuka.

"Mikoba iliyo chini ya mikono yake ni yako, Bi Sikudhani. Ruhusa ni yako. Je, una hakika?"

"Ninayo."

"Ungeweza kumuuliza yeye kwanza."

"Wewe umewekwa kufundisha ukweli au kuuficha?"

"Vyote viwili, kwa jinsi nilivyolielewa jina langu," Somo alisema. "Lakini ruhusa nimeisikia."

Baraza la Uwazi lilifanyika mwisho wa kila mwezi katika ukumbi wa mapipa. Mafundi walikaa kwenye mikeka, na mbele yao ulisimama ukuta-picha, ukuta mzima uliogeuka kuwa picha kwa amri. Aliyeongoza ni Elinami Hozza, Mkuu wa Maadili, kijana wa Kibondei mwenye adabu aliyewaamkia mafundi wote kabla ya kufungua kinywa kwa jambo lolote.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanetu."

"Leo tuna hoja moja. Bi Sikudhani ameomba tutazame jinsi uzi unavyotumika mezani kwake. Bi Mwanahawa, una neno?"

Mwanahawa aligeuka akamtazama Sikudhani. Uso wake ulibadilika rangi.

"Shoga," alisema kwa sauti ya chini, "mwambie aache. Tutaongea mimi na wewe."

"Mwenye haki haogopi kutazamwa," Sikudhani alijibu, na sauti ikawafikia wote.

"Basi usije ukasema sikukwambia."

Ukuta ukawaka. Ilionekana mikono ya Mwanahawa, mikubwa kama milango, chini ya kitambaa kilichokuwa kama ukungu. Mkoba mmoja uliingia. Vidole vikapita juu ya mshono, vikasimama. Ukumbi mzima uliona: tundu lililorukwa, kisha jingine, uzi uliolegea, mshono ulioyumba kama mtu aliyelewa. Sikudhani alikunja uso. Kazi ya nani ile mbaya? Kisha akaiona alama yake, herufi aliyoichoma kwa mkono wake mwenyewe kwenye ukingo wa ndani.

Mikono ya Mwanahawa ilifumua. Ilichomoa uzi mbovu, ikaukunja kiganjani, ikachukua sindano mbili, ikaanza kushona upya polepole, mshono ulioinama kama mvua ya upepo. Mkoba wa pili ukaingia, hali ikawa ileile, na wa tatu ulikuwa umeharibika zaidi. Mwanahawa alikuwa akishona kazi mbili kwa mshahara wa mmoja, na mchana alipoambiwa aende kula alisema hana njaa. Sikudhani aliikumbuka michana ile. Alikuwa akisema moyoni, anafunga ili Somo amwone.

"Ya Rabi," alisema Saumu, na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno.

Sikudhani alisimama.

"Somo. Wewe ulikuwa unajua?"

"Tangu masika," Somo alijibu. "Nilikuuliza habari za vidole. Zaidi ya hapo mlinikataza kusema, nami sikusema."

"Na ile nuru yake…"

"Uliniuliza ni kwa lipi. Nuru yake nyingi ilitoka kwako."

Mtu aliyewahi kula kitu kwa siri akagundua kilikuwa chakula cha mgonjwa ndiye atakayejua alivyojisikia Sikudhani. Na ajabu ni kwamba katikati ya aibu ile wivu haukufa. Ulimwambia: hata wema wa kukusitiri wewe, yeye ndiye aliyeufanya, na wewe umebaki kuwa kitu cha kufanyiwa.

Kisha kifungo chake kikawaka. Alikihisi joto lake kifuani, akashusha macho akaona nuru ya asali imejaa, ikimulika mikono yake. Aliyeleta ukweli mbele ya baraza hupewa nuru. Ndivyo Somo alivyofundishwa na wakubwa, na kwa hilo hakupewa hiari. Watu waligeuza nyuso. Sikudhani alikifunika kwa kiganja, nuru ikapenya katikati ya vidole.

Hozza alikohoa. Alionekana kama mtu aliyetumwa kuleta habari ya msiba. Alisema mnunuzi ameonyeshwa picha ya fundi mmoja na kuuziwa mshono wa mwingine, na hata kama nia ilikuwa njema, nyumba inayojigamba kwa ukweli haiwezi kulifumbia macho jambo hilo. Msimu huu hakutakuwa na Mkono wa Almaria. Bi Sikudhani atapelekwa kwa tabibu wa mishipa, kwa gharama ya nyumba, na hatashona mpaka atakaporuhusiwa. Bi Mwanahawa atapumzishwa kazi hadi wakubwa waamue. Halafu akasema lile lililowauma wengine kuliko yote.

"Na kuanzia kesho, mama zangu, vitambaa havitatumika tena. Kufunga mikoba kutafanyika wazi."

Mwanamke mmoja wa mstari wa nyuma, aliyekuwa akiinamiwa sikioni kila wiki kwa sababu macho yake yalikuwa dhaifu, alianza kulia bila sauti, na jirani yake akamshika goti.

Baraza lilipokwisha, Sikudhani alimkuta Mwanahawa uani, kwenye benchi la saruji karibu na bomba. Alikuwa amevua aproni. Alikuwa na pande la ngozi-mkonge mapajani na sindano mbili, anashona kitu kisicho kitu, kama mtu anayetafuna kucha.

"Nimekuja…" Sikudhani alianza.

"Usiniombe radhi. Bado nina hasira, utaipoteza bure."

Sikudhani akakaa mwisho wa benchi. Ndani, mikono ya chuma ilisikika ikinyanyua ngozi nyingine.

"Kwa nini hukuniambia sikioni, kama desturi?" hatimaye aliuliza. "Ningejua. Ningekwenda kutibiwa."

"Hilo ni kosa langu, na nitalibeba." Mwanahawa alivuta uzi kwa nguvu, ukakatika. Akacheka kicheko kikavu. "Unataka kujua? Mara ya kwanza nilinyamaza kwa huruma. Nilisema, Sikudhani akiambiwa mkono wake umekufa atakufa nao. Lakini mara ya pili na ya tatu… shoga, nilikuwa nafumua mshono wako, uzi mmoja mmoja. Palipokuwa pazima nilipafumua polepole, nione unapitaje. Miaka yote nimekaa ubavuni mwako nikiutamani mshono ule, na wewe umeukalia kama kuku anavyokalia mayai. Nikasema, sasa nimeupata."

Sikudhani alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana.

"Ulikuwa unanionea wivu? Wewe?"

"Wewe ulidhani wivu umepewa peke yako?"

"Na hiyo nuru yote?"

"Muulize Somo. Labda hawezi kuona mpaka huku." Mwanahawa aligonga kifua. "Au labda aliona, akanihesabia lililo jema, akafunika jingine."

"Basi umeupata?"

"Wapi! Wakaguzi nimewadanganya, ila macho yangu hayadanganyiki." Akamsogezea pande la ngozi. "Tazama. Umeinama kama wako, lakini umekufa."

Sikudhani alilichukua. Kwa vidole hakusikia kitu, ila kwa macho aliona mara moja kosa lilipo. Lilikuwa jambo dogo, kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata binti yake aliyejaribu ufundi akaacha. Alikuwa amekiweka kwa ajili ya siku ambayo dunia ingemuuliza kwa heshima, mbele ya watu, na jina lake likiandikwa. Siku hiyo haikuja. Waliokuwapo pale ni mwanamke mmoja mwenye hasira na bomba linalodondosha maji.

Kwa kitambo alitaka kusema "endelea kujaribu," asimame aende zake.

"Unavuta kwa vidole," alisema mwishowe. "Ndiyo maana umekufa. Sindano ya kushoto itangulie, halafu ushushe pumzi. Uzi uuvute wakati pumzi inatoka, kwa bega, usiukazie mkono. Pumzi ikiisha, umefika."

"Kwa pumzi?"

"Kwa pumzi. Lete bega."

Alisimama nyuma ya mwenzake, akaweka kiganja kizima juu ya bega lake, maana kiganja kilikuwa bado kinasikia. Mwanahawa alipitisha sindano, akashusha pumzi. Mara ya kwanza alikosea. Mara ya pili alikosea, akatukana kidogo. Mara ya tatu uzi ulilala kwenye ngozi wenyewe, umeinama, umelegea pale panapotakiwa na kukaza pale panapotakiwa, mzuri kuliko wowote alioushona Sikudhani tangu masika. Mwanahawa alitoa sauti kama ya msichana.

Wivu ukamchoma Sikudhani papo hapo, mkali kuliko wa barazani. Akaumeza. Kiganja hakukiondoa begani.

"Tena," alisema. "Na safari hii usiwe na haraka."